Mliokuwa kwenye bendi Malindi na Lamu zikafa mapema, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Wadau salama? Nataka tuongelee zile bendi za vijana zilizokuwa na nyimbo zao wenyewe, pop ya Kiswahili ya gitaa, hakuna lebo hakuna promota, alafu zikapotea kabla hata Mombasa hawajazisikia. Yetu ilikuwa Malindi, magitaa, kibodi na drams. Tulikuwa tunapiga hotelini, wageni wengi Waitaliano, na meneja anataka kopi tu, yaani nyimbo za wengine, zile za kukaribisha watalii walizozivumisha Them Mushrooms miaka ya 80, ukichomeka wimbo wako katikati anakutolea macho. Sikatai, kopi ndo zilitulisha. Lakini vyombo vilikuwa vya hoteli, na mi naona hapo ndo bendi nyingi za huku zinafia, vipaji vipo tele. Masika ikianza wageni wanakata, hoteli inafunga, vyombo vinaingia stoo na nyie mnabaki na nyimbo kichwani. Msimu ulivyorudi mpiga drams yuko Mtwapa, mwimbaji kapata kazi Ghuba, basi ikaishia hapo. Zenu zilikufaje?

Mpiga kibodi, Lamu:
Kakangu umesema kweli. Huku kwetu mjini gari haliingii, shoo ikiwa Shela, kijiji cha jirani, mnapakia spika na jenereta kwenye boti, mkishuka mnatafuta punda, na hewa ya chumvi inakula jeki na nyaya mpaka kibodi linakwaruza kila ukigusa. Lakini muziki ulikuwa mtamu jamani, chini mwendo wa chakacha, juu gitaa jepesi na mashairi ya vijana wa leo, watu wa hapa wenyewe wakaanza kuimba na sisi. Wageni walishapungua tangu ule utekaji wa Wazungu 2011, alafu Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, ikaja amri ya kutotoka usiku, miezi na miezi. Sasa bendi inafanya kazi usiku, na usiku umefungwa, mtafanyaje? Amri ilipoondolewa wenzangu wengine washahama, mmoja kaingia kuvua.

Mwimbaji:
Mi nilikuwa msichana peke yangu kwenye bendi. Kuimba harusini kwa wanawake watupu hakuna aliyenisema, lakini hotelini na wanaume, hapo mama alikubali kwa sharti kaka anipeleke na kunirudisha, na alifanya hivyo bila kunung'unika, Mungu amzidishie. Kilichoniuma mpaka leo ni rekodi. Tulichanga hela tulizolipwa kwa kupiga harusini tukaenda Mombasa studio, tukarekodi, kila kitu kikabaki kwa kompyuta ya prodyuza, ikafa, na hakuna aliyekuwa na kopi. Ule wimbo niliotunga mwenyewe sasa hivi uko kwa simu ya binamu yangu tu, ulichukuliwa harusini, watoto wanapiga kelele mwanzo mpaka mwisho.

Fundi mitambo, Malindi:
Mi nimefungia bendi nyingi spika na zilizodumu ni zile zenye vyombo vyao. Kila shoo kateni kidogo muweke kwa chama, yaani mfuko wenu wa pamoja, anzeni na mixa, spika baadae, na muandike kabisa ni mali ya nani mtu akitoka, maana ugomvi wote nilioshuhudia ulianzia hapo. Nyimbo nazo sajilini kwa jina la aliyetunga pale KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Sheria haikulazimishi, hakimiliki unayo tangu umetunga, lakini mkifika kubishana ile karatasi inasaidia sana.

Mwanzisha mada:
Dada huo wimbo utume hapa hivyo hivyo na kelele zake, na umwambie binamu asibadilishe simu kabla haujatoka humo!! Mwenye kaseti, memori kadi, video ya harusi, chochote, weka na useme bendi ya wapi na nani alipiga nini. Alafu kuna vijana wa Watamu walikuwa na tarumbeta, mara ya mwisho niliwasikia kabla ya korona, kama kuna aliyepiga nao ajitokeze.