Albamu ya Alan Jackson ya mwaka 2021: uasili wake uko wapi hasa?

Swali

Wapenzi wa kantri, salaam. Albamu ya Alan Jackson, mwimbaji wa muziki huo wa Marekani, "Where Have You Gone" (Umekwenda Wapi), iliyotoka tarehe 14 Mei 2021 ikiwa ya kwanza tangu ile ya 2015, inasifiwa kwamba imeurudisha muziki huu kwenye asili yake. Nimezisikiliza nyimbo zote 21 na nimezipenda, lakini kila ninapotaka kumweleza mtu asiyeujua muziki wa kantri ni nini hasa kinachoifanya albamu hii iwe ya kiasili, maneno yananiishia. Je, ni ala tu, au kuna jambo jingine katika utunzi?

Jibu la kwanza

Anza na ala, ndugu yangu, hasa gitaa la chuma. Gitaa hili halipakatwi. Hulazwa chali juu ya miguu yake kama meza, mpigaji akaketi mbele yake na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, huku akikanyaga pedali na kusukuma wenzo kwa magoti ili kuukaza au kuulegeza uzi ambao tayari unalia. Ndiyo maana noti moja hupanda hadi nyingine bila kukatika, mithili ya sauti ya mtu anayejizuia kulia. Keith Stegall, mtayarishaji aliyekuwa na Jackson tangu albamu yake ya mwaka 1990, ameliachia gitaa hilo na fidla (violini ipigwayo kwa mtindo wa kantri) nafasi ya kuujibu mstari unaoimbwa, badala ya kuzifukia chini ya ngoma.

Jibu la pili

Hayo ni kweli, ila tuwe waangalifu na neno "asili". Gitaa la chuma lenye pedali lilikuwa jambo geni mwaka 1954, lilipovuma kupitia mpigaji Bud Isaacs katika wimbo "Slowly" wa mwimbaji Webb Pierce. Haikupita miaka mingi kabla watayarishaji Chet Atkins na Owen Bradley, huko huko Nashville, mji mkuu wa kantri, hawajaziweka kando fidla na magitaa ya chuma katika rekodi nyingi, wakaingiza violini nyingi za mtindo wa okestra na waitikiaji ili kuwavuta wasikilizaji wa pop. Hata kilio cha Jackson kwamba kantri imepotea si cha leo, kwani mwaka 2000 yeye na mwimbaji mwenzake George Strait walisikika pamoja katika "Murder on Music Row", wimbo unaodai kwamba kantri imeuawa. Kwa maoni yangu anatetea kantri aliyokua akiisikia, na sioni kosa katika hilo.

Jibu la tatu

Mimi ningemjibu muulizaji kwa upande wa utunzi, maana ndiko albamu hii inakonigusa zaidi. Jackson ameandika mwenyewe nyimbo 15, na baadhi yake hazikuanza kama nyimbo za redio: mbili alizitunga kwa ajili ya harusi za binti zake, na "Where Her Heart Has Always Been" aliutunga kwa mazishi ya mama yake, aliyefariki mwaka 2017. Katika wimbo huo inasikika sauti ya mama mwenyewe akisoma Biblia. Wimbo uliotungwa kwanza kwa ajili ya jamaa waliokusanyika, kwa maneno mepesi ambayo kila mmoja wao angeyaelewa papo hapo, kwangu ndio kantri hasa, hata ungepigwa kwa gitaa moja tu. Nyimbo 21 ni nyingi kwa mgeni, na zile za mwendo wa pole zinaelekea kufanana. Kwa hiyo msikilizishe huo wa mama kwanza.