Mdogo wangu ana CML, kaacha dawa anasema kapona. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Tupo Moshi, Majengo. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Mwaka juzi alianza kutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, na tumbo upande wa kushoto likawa gumu, kumbe bandama limevimba. Tulihangaika na dawa za malaria weee, mpaka picha ya damu ikaonyesha chembe nyeupe zimepita laki mbili. CML, saratani ya damu ile ya polepole. Akaanzishiwa vidonge vya Glivec, miligramu 400 kila siku.

Sasa FBP (hiyo picha ya damu) safi, mwili umerudi, bwana mdogo anasema kapona. Juzi nimekuta vidonge vya wiki nzima kwenye boksi la vijiti vya kuchomelea. Mama naye keshapewa namba ya mzee wa mizizi huko Himo.

Chuma_Kibosho: Pole mkuu. Na mimi ninayo hiyohiyo. Muulize kwanza kidonge kinamsumbua nini, usianze na mahubiri. Mimi nilikuwa naamka macho yamevimba, na usiku vigimbi vinakaza mpaka napiga kelele. Siku hizi nameza katikati ya chakula cha jioni, maji glasi kubwa, na silali papo hapo. Tumbo tupu utatapika tu. Balungi nimeachana nalo, linapandisha dawa kwenye damu.

Mama_Manka: Mwanangu, FBP inahesabu chembe tu. Ugonjwa wenyewe upo kwenye kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe: ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, ndiyo ile iliyogunduliwa Philadelphia 1960. Hapo inatokea protini inayoamuru uboho uzalishe chembe nyeupe bila kukoma. Glivec inaizuia hiyo protini, haijaing'oa. Leo anameza kesho anaruka, ugonjwa unaweza kuizoea dawa. Wapo wanaoachishwa, ila baada ya miaka ya vipimo vizuri, na daktari ndiye anayeachisha, tena anaendelea kuwapima.

Sakina_Juu: Mimi 2011 nilipanga foleni Samunge kwa Babu wa Loliondo, kikombe cha dawa shilingi 500, na sijutii. Ila hapa mizizi mama aiweke pembeni. Mingine inagombana na dawa hukohuko kwenye ini.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimemuuliza kama Chuma alivyosema. Ni macho! Wateja wanamwona mlevi, na yeye Msabato, hata mbege haonji. Kliniki yake hospitali ya KCMC ni wiki ijayo, naenda naye. Shikamoo mama, hicho kipimo cha kromosomu tukiulizie kwa jina gani?

Mama_Manka: Marahaba. BCR-ABL, ya PCR. Ila wapigieni simu kesho asubuhi, msingoje wiki ijayo, na asifidie kwa kumeza mara mbili. Daktari aambiwe ukweli wa vidonge vilivyorukwa. Akifichwa, majibu yakija mabaya atadhani dawa ndiyo imeshindwa.