Mgonjwa wa endoskopi anakata pumzi baada ya midazolamu: ni dozi au ni apnia ya usingizi?

Sista_Unyanyembe (Tabora)
Wakuu, habari za kazi. Tunafanya kipimo cha kamera tumboni (endoskopi) kwa ganzi ya koo na midazolamu kidogo, dawa ya kutuliza na kusinzisha. Wapo wanaopewa mg 2 tu wakaanza kukoroma, kifua kinahangaika, hewa haiingii, kisha oksijeni inashuka. Kapnografu, mashine ya kupima kabonidayoksaidi kwenye pumzi, hatuna. Nitajuaje kama ni dozi au ni apnia (ugonjwa wa kukata pumzi usingizini) ambayo haijawahi kugunduliwa?

Mgebuka_KGM (Kigoma)
Sista, anzia kabla hajapanda kitandani. STOP-Bang, dodoso la kupima hatari ya apnia, ina maswali 8: anakoroma kwa sauti, anachoka mchana, ameonekana akikata pumzi usingizini, ana presha, BMI (uwiano wa uzito na urefu) imepita 35, umri umepita 50, shingo imepita sm 40, ni mwanamume. Kila "ndiyo" alama 1. Alama 3–4 ni hatari ya kati, 5 na kuendelea ni kubwa. La kukata pumzi usimuulize yeye, atajuaje amelala? Muulize aliyemsindikiza. Shingo ipime kwa futi ya fundi cherehani, macho yanadanganya.

Mwenye alama 5 mshauri ganzi ya koo peke yake. Lidokaini ya kupuliza ya 10% kwa kawaida ni mg 10 kila mpulizo, kwa hiyo hesabu mipulizo.

Kaliua_Boy
Si muweke tu oksijeni lita 4 kwa kila mtu, mambo yaishe?

Pumzi_Kwanza
Hapana mkuu. Oksijeni mpe, lakini fahamu kwamba inaficha tatizo: mtu anaweza kuacha kupumua na oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu) ikaendelea kusoma 98 kwa muda, huku kabonidayoksaidi inapanda. Oksimita ya kidoleni yenyewe huchelewa, na kidole chenye piko au rangi ya kucha huipotosha. Hamishia kwenye ndewe ya sikio.

Sista, bila kapnografu, mtu mmoja asiyeshika kamera aweke stetoskopu shingoni, mkono mwingine juu ya tumbo. Dozi ikizidi, kwa kawaida pumzi huwa ndogo au chache na kifua kinatulia. Koo likiziba, kama kwenye apnia, kifua na tumbo hupishana kama bembea, shingoni kimya, na ukisukuma taya mbele hewa inapita kwa mkoromo mkubwa. Ila midazolamu hulegeza koo la yeyote, kwa hiyo hiyo ni dalili ya kumshuku, si utambuzi. Utambuzi unatoka kwenye kipimo cha usingizi wa kawaida, pumzi kukatika au kupungua mara 5 au zaidi kwa saa pamoja na dalili.

Ikitokea: simamisha kamera, sukuma taya, ongeza oksijeni. Haipandi? Toa kamera, weka mrija wa puani, pampu kwa ambu (mfuko wa kupumulishia). Flumazenili, dawa ya kuondoa nguvu ya midazolamu, mg 0.2 taratibu kwa sekunde 15, rudia kila dakika, jumla isipite mg 1. Inaisha nguvu kabla ya midazolamu, kwa hiyo usimruhusu kwenda nyumbani kabla ya saa 2 kupita. Kama alipewa pethidini (dawa ya maumivu ya jamii ya morfini) pia, flumazenili haiigusi. Hapo ni naloksoni, inayoondoa nguvu ya dawa za jamii hiyo.

Sista_Unyanyembe
Asante sana, Dokta. Na barua ya rufaa?

Mgebuka_KGM
Usiandike "alisumbuliwa na dawa". Andika dawa na mg, alikuwa na oksijeni lita ngapi, kiwango cha chini kilichosomwa na kwa sekunde ngapi, kama kusukuma taya kulisaidia, na alama za STOP-Bang. Kazi yake pia iandike. Akiwa dereva wa basi au lori, ipigie mstari, maana mwenye apnia anaweza kusinzia barabarani.