Darubini ya Mauna Kea: wenyeji walikosea kufunga barabara?

Mtambuzi (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Mauna Kea, mlima mkubwa wa Hawaii wenye mita 4,207, ni miongoni mwa mahali pazuri kabisa duniani pa kutazama nyota. Hewa ya juu ni kavu na mawingu mengi hubaki chini. Kwa Wahawaii asilia mlima huo ni mtakatifu, na kwenye ziwa Waiau, karibu na kilele, familia hupeleka vitovu vya watoto wao. Julai 2019 darubini yenye kioo cha mita 30, TMT, ilikuwa ianze kujengwa. Wazee wakakaa barabarani, zaidi ya 30 wakakamatwa, na mpaka leo haijajengwa. Hapo Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imeshatoa ruhusa tangu 2018. Je, walikuwa na haki ya kuzuia? Mimi nasema walikuwa nayo. Karibuni.

KigogoTech
Hawakuwa nayo. Mahakama ikishaamua imeamua. Na kinachonishangaza zaidi, watu hao hao wanaokataa teknolojia mlimani walikuwa wanarusha maandamano mubashara kwa simu usiku na mchana. Dunia inataka kujua ulimwengu ulianzaje, wao wamelala kwenye lami na chaja mkononi.

BintiShela
Kaka, uliona lami na chaja tu? Wale walikuwa bibi na babu, wamekaa kwenye viti chini ya turubai, wamejifunika mablanketi kwa baridi. Vijana walipotaka kutangulia mbele, wazee wakawaambia wakae pembeni na wanyamaze. Wakanyamaza. Baadhi ya askari nao walikuwa Wahawaii, wakawa wanatokwa na machozi huku wanawaondoa. Bila hizo simu unazozisema, tungeambiwa ni kundi la wahuni limefunga njia, na wewe ungeamini.

MwalimuFizikia
Naomba niongeze jambo ambalo naona halisemwi. Darubini kubwa zijazo ziko kusini. Ile ya Ulaya yenye kioo cha mita 39 inajengwa Chile, nyingine kubwa pia iko Chile. Anga la kaskazini ukiwa Chile huwezi kuliona lote. TMT isipojengwa Mauna Kea wala kwingine kaskazini, sehemu ya anga la kaskazini itakosa jicho la ukubwa huo. Hasara hiyo ni ya watoto wa Hawaii pia, maana wapo Wahawaii asilia wanaosomea falaki na waliounga mkono mradi.

MzeeKalamu
@KigogoTech nani kakuambia Wahawaii wanaogopa teknolojia? Mfalme Kalākaua alikutana na Thomas Edison New York mwaka 1881, na kasri lake la ʻIolani likawaka taa za umeme kabla ya Ikulu ya Marekani. Mwaka 1874 Waingereza walipofika Honolulu kutazama Zuhura ikikatiza mbele ya jua, mfalme huyo huyo aliwapokea. Magazeti ya lugha yao yalianza 1834, na yakafika zaidi ya mia moja. Hao ndio unaowaita wakataa teknolojia?

KigogoTech
Mzee, umenisaidia hoja. Mfalme wao angeruhusu darubini.

MzeeKalamu
Angeruhusu yeye, mwenye nchi! 1893 ufalme ulipinduliwa, na wanajeshi wa majini wa Marekani walikuwa wameshuka pwani. 1993 Marekani yenyewe ikaomba radhi kwa azimio aliloliweka saini Clinton. Ardhi ya kilele imetoka kwenye ardhi za ufalme huo. Jimbo likakipangisha Chuo Kikuu cha Hawaii tangu 1968, miaka 65, na darubini nyingi zikawa zinalipa dola moja kwa mwaka. Dola moja! Chumba cha kupanga uswahilini kina kodi kubwa kuliko hiyo.

NyotaYaKisumu
Chuo hicho si ndicho alichosoma mzee Obama, baba yake rais?

Mtambuzi
Ndicho, alifika 1959. Lakini tubaki kwenye mada tafadhali.

NyotaYaKisumu
Basi mtoto wetu kazaliwa Honolulu, tuna haki ya kuchangia 😀 Mzee alikutana na mama yake Obama kwenye darasa la Kirusi.

BintiShela
Kuzaliwa Honolulu hakumfanyi mtu Mhawaii asilia. Wenyewe wanatofautisha sana hilo.

KigogoTech
Na The Rock je? Alipanda kule 2019 akipigwa picha na wazee, dunia nzima ikashangilia. Mama yake ni Msamoa. Kwa hiyo Msamoa tajiri ana sauti, ila mwanasayansi aliyeishi kwenye mji wa Hilo maisha yake yote hana?

MsafiriNevada
Nimesoma kimya, hapa nimeshindwa. Niko Las Vegas, nafanya kazi na Wahawaii wengi. Mji huu wanauita kisiwa cha tisa. Sensa ya 2020 ilionyesha Wahawaii asilia wengi zaidi wanaishi nje ya visiwa kuliko ndani, na ukiwauliza sababu watakuambia nyumba. Kodi za kule hazishikiki. Zamu yangu kuna mama mmoja, mwaka ule simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya sosi mezani, kambi ya barabarani iko hewani muda wote wa mapumziko. Anakula wali wake na nyama ya kopo uliofungwa kwa mwani, macho hayatoki kwenye kioo. Wakianza kuimba, naye anaimba chini chini. Usimwambie huyo kwamba simu ni unafiki.

KigogoTech
Pole yake, lakini aliyehamia jangwani Nevada anaamuaje mambo ya mlima? Aliondoka. Waliobaki wanataka ajira.

MpembaMuscat
Rudia hapo. Aliondoka kwa hiyo hana neno? Mimi niko Muscat, mashamba ya babu yangu yako Wete, makaburi ya wazee wangu yako Wete. Kila mwezi natuma pesa ya ada na ya bati. Nikisikia kesho mtu anachimba msingi juu ya makaburi yale, nikae kimya kwa kuwa nakaa Oman?

KigogoTech
Sikukutaja wewe, ndugu. Usilete hisia.

MpembaMuscat
Umenitaja. Kila anayetafuta riziki mbali umemtaja.

BintiShela
Na hizo ajira, Kigogo, hoteli zimejaa Waikīkī miaka na miaka na bado wenyeji wanahamia Vegas. Usizilete kama zawadi.

MwalimuFizikia
Jamani, anga la kaskazini. Hakuna aliyenijibu.

Mtambuzi
Mwalimu nakuja. Hali ilivyo: mwaka 2022 jimbo lilitunga sheria ya mamlaka mpya ya kusimamia mlima, yenye viti vya Wahawaii asilia, na itachukua usimamizi kutoka kwa chuo 2028. Mkataba wa chuo unaisha 2033. Darubini 11 zilizopo lazima…

MzeeKalamu
Ni 13.

Mtambuzi
Zilikuwa 13, mbili zimeng'olewa na kuondolewa mwaka 2024. Na Hispania imejitolea euro milioni 400 TMT ijengwe La Palma, kisiwa nacho cha kaskazini. Kwa hiyo mwalimu, anga lako lina pa kwenda.

MwalimuFizikia
La Palma ni chini kwa karibu mita 2,000, na hewa yake ina unyevu zaidi. Sehemu ya mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, inamezwa na unyevu huo kabla ya kufika kwenye kioo. Si sawa hata kidogo.

KigogoTech
Mnaona? Sayansi inahamishwa kwa ajili ya hisia.

MpembaMuscat
Mwalimu nakuheshimu na nitakusoma vizuri usiku. Lakini huyu kwanza anijibu la Wete.