Maktaba 7 za nyongeza kwenye programu ya mizani ya kahawa: zikae ndani au tuzitoe?

mizani_rau (Moshi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionitangulia kwenye kazi hii.

Nasimamia programu huria (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuchangia) ya kupokelea kahawa kwenye vyama vya msingi, hizi AMCOS zetu za huku mlimani. Mkulima analeta kahawa ya maganda, karani anapima, programu inaandika kilo, inakata deni la pembejeo, stakabadhi inatoka. Kiini, yaani sehemu kuu ya programu, nilikiandika mwenyewe kwa lugha ya Python na mpaka leo ni kidogo tu, mistari kama 4,000. Kilichokua ni vya pembeni. Kijana mmoja wa Mbozi alileta maktaba (kipande cha msimbo cha kazi moja) ya kusoma mizani ya kidijitali, dada mmoja wa Bukoba akaleta ya kuchapa kwenye printa za risiti, ikaja ya SMS, ikaja ya malipo kwa simu. Sasa ziko 7, zote nimezirundika kwenye folda moja ndani ya mradi, inaitwa "ziada". Kila nikitoa toleo zinatoka nazo, ziwe zimeguswa au hazijaguswa.

Nieleze kilichotokea Oktoba ndipo mtaelewa kwa nini nauliza.

Mizani tunazotumia hutuma kwenye waya mstari wa namna hii: ST,GS,+0048.6kg. Herufi mbili za mwanzo ndizo roho ya mstari wote. ST maana yake mzigo umetulia. Zikija US, mzigo bado unacheza na namba hiyo haifai kuandikwa popote. Yule kijana wa Mbozi alilishughulikia hilo vizuri kabisa. Mimi nikabadilisha kiini kiwe kinapokea namba tupu badala ya mstari mzima, maktaba yake ikagoma. Nikamwandikia, wiki ile hakuwa hewani. Msimu umepamba moto, makarani wanasubiri. Nikaingia mwenyewe usiku kwenye maktaba yake nikairekebisha, na ile sehemu ya kuangalia ST na US nikaifuta bila kuelewa inalinda nini.

Siku mbili baadaye niko kituo kimoja Kibosho. Mama mmoja kaweka gunia kwenye mizani, kalishika shingo lisianguke, karani kabonyeza. Ikaandika 46.9. Mama akaitazama stakabadhi, akaniambia, "Mwanangu, hili nimelipima nyumbani. Ni arobaini na nane na nusu." Tukalipima tena bila mkono wake: 48.6. Bahati mistari ghafi ya mizani ilikuwa imehifadhiwa, tukairudia mmoja mmoja na karani mpaka saa tatu usiku, tukakuta stakabadhi 23 zimepunja watu. Wote walilipwa tofauti yao wiki ile ile. Lakini lile neno "mwanangu" bado linanirudia.

Sasa swali. Nizitoe maktaba hizi ziwe mradi tanzu wenye hazina yake (mahali msimbo na historia yake vinapohifadhiwa), wasimamizi wake na matoleo yake? Zikitoka, zikae pamoja au kila moja kwake? Au zibaki ndani nami nijifunze kuzitunza?

---

nuru_njiro (Arusha)

Pole sana kaka, na hongera kwa kuwarudishia watu haki yao.

Mimi ningezitoa, na sababu yangu ni ratiba. Django, programu huria ya kujengea tovuti, walikuwa na kitu ndani kinaitwa localflavor: kanuni za nchi mbalimbali, namba za vitambulisho zikoje, majimbo ni yapi, namba za posta zinaandikwaje. Mambo hayo hubadilika serikali ya nchi fulani inapoamua, hayangoji toleo jipya la Django. Mtu wa nchi hiyo anatuma marekebisho leo, halafu anakaa miezi akisubiri kitu kisichomhusu kabisa. Kwenye toleo 1.6, mwaka 2013, wakaitoa ikawa kifurushi chake, chenye matoleo yake.

Maktaba yako ya malipo kwa simu ni hivyo hivyo. Kampuni ya simu ikibadilisha kitu Jumanne, unatakiwa utoe toleo Jumatano. Mizani iko pale pale miaka kumi. Kwa nini zifungwe kamba moja?

---

seva_sakina (Arusha)

Mangi, hapo simama kidogo kabla hujashika panga.

TensorFlow, mradi huria wa kufundisha mashine, nao walikuwa na folda ya michango kama yako, contrib. Iliwazidi, wakaiondoa kwenye toleo 2.0 mwaka 2019, baadhi ya vilivyomo vikahamia mradi wa pembeni, TensorFlow Addons. Ulipangwa vizuri, kila kipande na mwenyewe aliyeandikwa jina. Mwisho wake? Watu walipungua, matunzo yakawekewa kikomo, Mei 2024. Kuhamisha msimbo hakumzai mtunzaji. Kama mtu hayupo leo ndani ya folda, hatakuwepo kesho ndani ya hazina mpya.

Kisha watazame PostgreSQL, programu huria ya kuhifadhi data. Contrib yao ipo ndani mpaka leo, ina vitu kama hstore na pg_trgm, inajaribiwa na kutolewa pamoja na kiini. Anayebadilisha kiini akivunja kitu mle, anakiona hapo hapo na anawajibika kukirekebisha kabla mabadiliko yake hayajaingia. Na tangu toleo 9.1, mwaka 2011, mtumiaji anawasha anachotaka tu kwa amri ya CREATE EXTENSION. Kumbe kitu kinaweza kukaa ndani bila kumlazimu mtu kukitumia.

Kwa heshima zote, kilichompunja yule mama si folda. Ulibadilisha kiini na hakukuwa na jaribio hata moja (msimbo unaoukagua msimbo mwingine) la kukupigia kelele kwamba US imepita.

---

mizani_rau

Nimeyapokea yote mawili, na la mwisho limenigusa kwa sababu ni kweli.

Nimekaa nikahesabu. Kati ya zile 7, zenye mtu anayejibu ujumbe ndani ya wiki ni 3: mizani (kijana amerudi, alikuwa shambani kwao hakuna mtandao), printa na malipo. Ya SMS naitunza mimi. Ya kadi za wanachama mwenyewe alishahamia kazi nyingine, na mbili sijui hata kama kuna kituo kinazitumia. Hizi nne nikizipa nyumba yao nitakuwa nimezitupa tu.

---

komba_wa_msimbo (Moshi)

Basi usichague kati ya ndani na nje. Tengeneza mradi tanzu mmoja wenye vyumba.

Apache Commons, mradi huria wa kukusanya maktaba, ndivyo walivyo. Ilianzia ndani ya mradi wa Jakarta, mwaka 2007 ikasimama peke yake, na Jakarta yenyewe ikafungwa 2011. Wana maktaba nyingi za lugha ya Java, kila moja na matoleo yake, lakini kamati ni moja na mazungumzo yako mahali pamoja, kwa hiyo mtu wa maktaba moja anayaona matatizo ya mwenzake. Na wamezigawa: zilizokomaa, za majaribio, na zilizolala. Iliyoko kwenye majaribio haitolewi toleo. Iliyolala haifutwi, lakini kila mtu anajua imelala. Hilo neno tu, "imelala", lingekusaidia sana, maana sasa hivi karani wa Kibosho akiona folda anaamini vyote vilivyomo viko hai.

Kwako: mizani, printa na malipo chumba cha kwanza, matoleo yao wenyewe. SMS iache ndani ya kiini ulipo wewe. Nyingine tatu zilale. Mtu akijitokeza, anaamsha.

Unapozihamisha tumia git filter-repo, zana ya kuchambua historia ya hazina, ili historia ya kila aliyechangia iende nayo. Kunakili faili tu kunafuta jasho la yule kijana na dada wa Bukoba.

Na haki ya kutoa toleo usiigawe kwa uchovu. Mnakumbuka xz, programu huria ya kubana faili, mwaka 2024: msimamizi aliyeelemewa, msaidizi mwenye subira ya miaka, mwisho mlango wa siri ndani ya toleo rasmi. Wewe unashika kilo na pesa za watu. Toleo la maktaba ya malipo lipitie macho mawili, hata kama litachelewa siku moja.

---

seva_sakina

Naunga mkono, ila majaribio ya kiini yaziendeshe pia zile tatu za chumba cha kwanza, kila badiliko. Bila hapo tumehamisha fenicha tu.

---

nuru_njiro

Na mkataba uandikwe, kaka. Ukurasa mmoja: kiini kinampa nini mtu wa mizani, kinapokea nini, na kikibadilika anaambiwa matoleo mangapi kabla.

---

mizani_rau

Asanteni sana. Nimeongea na kijana wa Mbozi jioni hii, amekubali kusimamia chumba cha kwanza pamoja na dada wa Bukoba, na toleo la malipo litasainiwa na wawili. Mkataba nimeanza kuuandika. Sentensi ya kwanza inasema kiini kitapokea mstari mzima wa mizani kama ulivyotoka kwenye waya, wala si namba tupu.

Jumamosi napanda Kibosho na laptop na waya. Karani ameniruhusu kukaa tangu asubuhi nirekodi mistari ya mizani yao: gunia likiwa limetulia, likiwa linacheza, na mtu akiwa amelishika shingo. Mistari hiyo ndiyo itakuwa jaribio la kwanza kwenye hazina mpya. Mwenye mizani ya aina nyingine kituoni kwake naomba anitumie ya kwake, hata mistari ishirini inatosha.