Pembeni kila mmoja hataki, kikaoni wote tunapitisha. Nifanyeje?

Mhazini Mchovu:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Sisi ni watu wa Rombo, tuko Dar miaka mingi, kwa hiyo mambo yetu mnayajua. Kikao cha kwanza bajeti ilikuwa milioni 9. Juzi Jumapili tumefunga kikao cha sita, iko milioni 23 na laki nne. Harusi ni Desemba, na kwenye daftari langu ahadi zilizolipwa hazijafika milioni 6.

Hela siyo inayoninyima usingizi. Wiki iliyopita bwana harusi alinifuata dukani (nauza vifaa vya ujenzi), akakaa juu ya mifuko ya saruji, akaniambia, "Kaka, mimi na mwenzangu tungepata hata milioni tano tumalizie kiwanja cha Kibaha. Ukumbi wa nini?" Usiku mama anachambua maharage, hata macho hakuinua: "Mimi ibada na pilau ya nyumbani ingenitosha." Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, nilimpa lifti baada ya kikao. Tulipofika Ubungo akashusha pumzi: "Hii bajeti, mwanangu, itatuua." Shangazi naye vilevile. Nimehesabu, wajumbe tisa kati ya 14 wameniambia kwa vinywa vyao.

Sasa Jumapili mwenyekiti, huyohuyo, akauliza, "Wajumbe, matarumbeta tupitishe?" Wote: "Tupitishe!" Na mimi nikasema tupitishe. Ndafu nazo (mbuzi mzima wa kuchoma) zikawa mbili.

Hiki kitu kinaitwaje, na kinavunjwaje bila mimi kuonekana mchawi wa harusi? Nawasilisha.

Mzee wa Single:
Mkuu, hiyo ndafu ya pili usiiguse kabla sijapata kadi.

Mwalimu Mstaafu:
Kinaitwa paradoksi ya Abilene. Mwaka 1974 profesa mmoja wa Marekani, Jerry Harvey, aliandika kisa kilichompata ukweni, mji wa Coleman, Texas. Joto nyuzi 40, wamekaa zao wanacheza domino, wametulia. Baba mkwe akasema, twendeni Abilene tukale. Mke akasema wazo zuri. Harvey akaona asiwe yeye wa kuharibu, akaitikia. Mama mkwe naye akaitikia. Ni kama kilomita 85 kwenda tu, gari halina kiyoyozi, vumbi tupu, na chakula chenyewe hovyo. Waliporudi ndipo mmoja akafunguka kwamba hakutaka kwenda. Mwingine naye. Wa mwisho baba mkwe: hata yeye hakutaka, alipendekeza kwa sababu alidhani wenzake wamechoka kukaa.

Harvey akasema kundi kama hilo halikushindwa kusuluhisha ugomvi, maana ugomvi haukuwepo. Lilishindwa kuyajua makubaliano yake lenyewe. Nyinyi mko njiani kwenda Abilene, tena na matarumbeta.

Binti wa Hesabu:
Shikamoo Mwalimu. Umeeleza kwa nini wananyamaza, hujaeleza 9 imekuwaje 23.

Hapo tumuulize Eubulides wa Mileto, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Punje moja ya nafaka si lundo. Ukiongeza moja, bado si lundo. Ongeza tena, bado. Huwezi kuionyesha punje iliyogeuza zile punje kuwa lundo, lakini lundo hilo hapo mbele yako. Kikaoni inakuja hivi: "Jamani, laki na nusu ya kupamba meza kuu, kwenye milioni kumi ni nini?" Ni kweli, si kitu. Na wiki ijayo sare za kamati, nazo si kitu.

Kwa hiyo usipinge nyongeza mojamoja, utashindwa kila Jumapili. Pitisheni dari kwanza, yaani kiwango ambacho bajeti haivuki. Baada ya hapo anayetaka kuongeza kitu aseme anatoa nini.

MC Kipaza:
Mimi ni MC, wife anapamba kumbi, kwa hiyo nina maslahi na sifichi. Mnaongea kana kwamba hela ya harusi inachomwa moto. Keynes, yule mchumi Mwingereza, alishalisema hili mwaka 1936: mmoja akibana matumizi anapata akiba, lakini nchi nzima ikibana kwa mpigo kipato cha kila mtu kinashuka, na hiyo akiba yenyewe haionekani. Matumizi yako ndiyo mshahara wangu. Mwaka huu nimejenga ukuta wa nyumba kwa hela za harusi. Unadhani saruji nilinunua kwa nani? Kwa watu kama mleta mada.

Binti wa Hesabu:
Kaka MC, na kiwanja cha Kibaha hakitakula saruji? Keynes alikuwa anasema hela iliyofungiwa ndani haizunguki. Hii inahama tu kutoka kwenye maua kwenda kwenye msingi.

MC Kipaza:
Hapo umenipata. Ila maua yananiuma.

Mama Doto:
Wanangu, mmesoma sana, lakini mnapita pembeni ya jambo. Mleta mada, daftari la mama yako umewahi kuliona? Siyo hilo lako la kamati. La kwake.

Mama wa umri ule ana daftari. Harusi ya mtoto wa mwenzake wa jumuiya alitoa elfu 30, komunio ya jirani alibeba sukari, send-off ya binti wa kazini kwao alinunua sare ambayo hakuivaa tena. Ile ni akiba, imewekwa kwa watu badala ya benki. Siku ya mtoto wake kuoa ndiyo siku ya kuitoa. Mkiita watu 40 kwa pilau, wale wengine atawadai lini? Kwa hiyo msimfananishe na huyo Mzungu. Yule hakuwa amewachangia wenzake nauli ya Abilene kwa miaka kumi na tano.

Mhazini Mchovu:
Mama Doto, shikamoo, umenimaliza. Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Ametoa kaunta buku chini ya godoro, jalada limebanduka, majina 63 kuanzia 2008, baadhi yana alama ya vema. "Hawa wasio na vema bado," ameniambia, kidole kikishuka taratibu. Nikasema, mama, si ulisema pilau inakutosha? Akajibu, "Inanitosha mimi. Haiwatoshi hawa."

Nimerudi palepale, wakuu. Nimezidi kuchanganyikiwa.

Fundi Simu:
Hapana, sasa umepata njia. Anachotaka mama ni watu waje. Hajataja ukumbi wala ndafu. Wadaiwa wake waje wote, punguza vitu.

Na kuhusu kikao: usiombe watu wanyooshe mikono. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari, wataje upi una urefu sawa na mwingine, jibu liko wazi hata kwa mtoto. Lakini waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa wakosee wote, na wengi wa waliopimwa wakafuata mkumbo walau mara moja. Alipopandikiza mmoja tu wa kujibu sahihi, mkumbo ukaporomoka. Wewe huyo mmoja humtaki awe wewe, nakuelewa. Basi gawa vikaratasi, kila mjumbe aandike kiwango ambacho moyo wake unaridhika nacho, bila jina, kabla mwenyekiti hajafungua mdomo.

Mzee wa Single:
Naunga mkono hoja, ila ndafu ziandikiwe karatasi yake.

Mhazini Mchovu:
MREJESHO.

Kikao cha saba kimefanyika. Nilikata vikaratasi kutoka kitabu cha risiti cha dukani, kofia ya baba mdogo ikawa sanduku la kura. Karatasi 14. Kubwa kuliko zote milioni 15. Ndogo iliandikwa "milioni 4 na Mungu". Mwenyekiti alizisoma zote, akazirudia, akavua miwani. "Sasa nani alitaka ndafu mbili?" Kimya. Mchoma nyama wa baa tunayofanyia vikao alikuwa amesimama mlangoni anacheka peke yake.

Tumeshuka hadi milioni 12. Wageni walewale, maturubai nyumbani kwa baba mdogo, ndafu moja, matarumbeta yametoka. Kianzio cha ukumbi laki nane hakirudi, na hicho kimetuuma wote kwa sauti. MC Kipaza, nicheki inbox, tuna bajeti ya MC lakini ni ya kindugu.

Ila wakuu, tangu kile kikao nimepigiwa simu na watu watano, kila mmoja kwa wakati wake, ananinong'oneza kwamba yeye matarumbeta alikuwa anayapenda kweli. Wa tatu alikuwa mama.