Kikundi cha kunoana kibiashara: watu wangapi, na kikao kiendeshwe vipi?

Duka_Jipya:
Wakuu, heshima kwenu. Tuko tisa, biashara zetu zote hazijafikisha mwaka, kama vile duka, saluni, mama lishe, ushonaji, kuku wa nyama, na mawakala wawili wa pesa za simu walio mtaa mmoja. Tunataka kukutana kila baada ya wiki mbili, bila mkufunzi wa kulipwa. Tukae wote pamoja? Tufanyeje kisigeuke kijiwe?

Hesabu_Kwanza:
Mkuu, tisa ni wengi. Gawaneni watano na wanne, na kila wakala awe kundi lake. Wanaogombea wateja walewale hawatajiani mauzo ya kweli, na bila namba za kweli mtabaki kupiga soga.

Saa moja na nusu inatosha. Dakika 20 za mwanzo kila mtu aseme kama alitimiza ahadi ya kikao kilichopita. Kisha dakika 50 ni za mtu mmoja tu, mwenye zamu: 5 anaeleza tatizo, 20 wenzake wanauliza maswali tu, 15 wanashauri naye anaandika bila kujitetea, 10 anachagua hatua moja. Dakika 20 za mwisho, wengine nao waandike ahadi zao.

Zile 20 za maswali zilindeni sana. Mtu akisikia "mauzo yameshuka" anarukia "jitangaze Instagram", kumbe bidhaa zinatoka vizuri ila kwa mkopo. Reg Revans, aliyewakutanisha mameneja wa migodi ya makaa ya mawe Uingereza miaka ya 1940 wajifunze kwa wenzao, naye alitanguliza maswali.

"Nitapunguza madeni" si ahadi. "Kufikia Jumamosi nitakuwa nimewapigia wadaiwa watano wakubwa na kuandika tarehe ya kila mmoja kulipa" ndiyo ahadi: inapimika, na iko mikononi mwake.

Mizani:
Naongezea mfano wa mama lishe. Sahani 45 kwa 2,000 ni 90,000 kwa siku. Vyakula na mkaa 62,000, msaidizi 10,000, pango 3,000, kinabaki 15,000. Muulizeni: "Kwenye hela ya mauzo umetoa kiasi gani cha nyumbani?" Ikiwa ni 20,000, anakula mtaji 5,000 kila siku, sawa na 130,000 kwa siku 26 za kazi. Mtaji utakata huku wateja wamejaa, na hakuna tangazo litakalomwokoa.

Kikao_Hai:
Msichanganye na mchezo wa kupeana hela kwa zamu wala VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Mkishadaiana, anayedaiwa huanza kukwepa kikao, au kuficha hasara. Usimamizi uwe wa kupokezana, simu ikipima muda, na mwenye zamu asisimamie siku yake. Hesabu za mtu zisipigwe picha wala kuingia grupu la WhatsApp. Maswali ya kodi na leseni msiyajibu kwa kukisia. Yapelekeni TRA na kwa afisa biashara wa halmashauri.

Duka_Jipya:
Nimewaelewa, asanteni. Na ambaye hana daftari kabisa?

Hesabu_Kwanza:
Aje, ila zamu asubiri. Kwa wiki mbili aandike kila jioni kilichoingia, kilichotoka, na alichochukua cha nyumbani. Daftari la shule linatosha. Akija nalo, mpeni zamu.